Beseni la Maji Moto Saa Kumi na Moja Alfajiri

Ndugu zangu wa Kitale, na ninyi mliotoka Bungoma mkapitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini ili tuwe pamoja, karibuni. Kabla sijaanza, naomba mtazame nje, pale kwenye nyasi upande wa jua. Mnaona sanduku la mbao lenye kioo juu yake. Ndani ya sanduku kuna karai la mabati nililolipaka rangi nyeusi, na ndani ya karai nimemimina lita 10 za maji ya bomba. Saa tatu asubuhi hii maji hayo yalikuwa na nyuzi joto 18. Sikuwasha moto, wala hakuna waya. Nimemwomba kijana mmoja awe anachungulia kipimajoto na kutuletea habari huku tukizungumza.

Nimekuja kusema habari ya joto katika nyumba ya muda. Nyumba ya muda ni ipi? Ni chumba cha mabati cha mita 3 kwa 3 katika ploti ya Matisi au Tuwan, ambacho mpangaji hukisema hivi: hapa ninajishikiza tu, mpaka nijenge. Ni simba, ile nyumba ndogo ya kijana wa Kibukusu kule Chwele, aliyoisimamisha katika boma la baba yake baada ya kutoka jandoni. Ni kibanda cha mlinzi wa shamba la mahindi na cha vibarua wa mavuno. Ni hema. Wapo humu ndani wanaoyakumbuka mahema yaliyojaa uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Kitale baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, na jamaa walioteremka kutoka Mlima Elgon wakikimbia mapigano ya ardhi yaliyoanza mwaka 2006. Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Wako waliorudi. Wako pia waliobaki chini ya turubai mvua ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

Mnaona shida ya neno hili “muda”. Hakuna anayeulizwa ni muda gani. Mtoto huzaliwa katika chumba hicho, akatambaa humo, akavaa sare ya shule humo, na chumba bado kinaitwa cha muda. Na kwa kuwa ni cha muda, hakuna anayekiwekea dari. Mwenye ploti anaona ni hasara, mpangaji anaona ni kumjengea mwenye ploti, na wanaogawa mahema wanahesabu vichwa na kuondoka. Kisha kila usiku watu wa nyumba hiyo hununua joto, nalo hutorokea paani kabla hawajalala. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika habari ya joto mambo ni kinyume chake: pakacha likivuja, mchukuzi ndiye anayelilipia kila tone. Hoja yangu leo ni moja: tuzibe pakacha kwanza, ndipo tuzungumze habari ya moto.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Bungoma iko chini zaidi, kama mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita 500 ni nyuzi tatu hivi za joto, na mtu wa Kanduyi akija kulala kwa shemeji yake Kibomet huzihisi miguuni. Usiku wa Julai hapa kwetu joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Mgeni kutoka Ulaya atasema hiyo si baridi, nami simlaumu, maana kwao nyumba ina kuta nene na tanuri. Nyuzi 11 ndani ya bati lisilo na dari, juu ya sakafu ya udongo, ukiwa na blanketi moja kwa watu wawili, ni baridi inayomwamsha mtoto saa tisa usiku akikohoa.

Najua wapo wazee watakaoniambia kwamba baridi ni shule. Nawaheshimu. Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri, akapakwa matope baridi, akarudi nyumbani akasimama wima mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Baridi ile ina heshima yake, na nimeiona ikitengeneza wanaume. Lakini kijana yule alichaguliwa kwa umri, akaandaliwa kwa wiki kadhaa, akashangiliwa na ukoo mzima, na baridi yenyewe ni ya asubuhi moja. Mtoto wa wiki tatu hakuchaguliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto mchanga asiogeshwe hata saa 24 za kwanza zisitimie, na sababu kubwa ni joto la mwili wake, ambalo hawezi kulilinda mwenyewe. Na mama yake, anayehitaji kukandwa na kunawa kwa maji moto siku zile za uzazi, hana la kuthibitisha mbele ya mtu yeyote.

Basi tuanze na beseni. Napenda kuhesabu kwa beseni kwa sababu ndicho kipimo tunachokitumia. Lita 10, nusu ya mtungi ule wa njano wa maji, zinamtosha mtu mzima kuoga ikiwa maji yana nyuzi 40. Maji yetu asubuhi ya Julai yana kama nyuzi 16. Kuyapandisha nyuzi 24 kunahitaji joto la megajuli 1. Kama hesabu hiyo haikuambii kitu, isikie hivi: juu ya mafiga matatu, ambako sehemu kubwa ya moto huenda upepo unakoelekea, ni nusu kilo ya kuni kavu. Katika jiko zuri la kuni ni robo kilo au zaidi kidogo. Kwa gesi ni gramu 40 na kitu, maana yake mtungi wa kilo 6 una mabeseni kama 140 ukitumika kwa kazi hiyo peke yake. Kwa hita ya umeme ya kutumbukiza ndani ya maji ni theluthi moja ya yuniti, hivyo ikiwa yuniti inakugharimu shilingi 25, beseni moja ni kama shilingi 8.

Kwa hiyo maji moto si anasa kama tunavyodhani. Joto la chumba ndilo ghali. Beseni linahitaji megajuli moja na kazi imekwisha. Chumba cha bati kinameza megajuli kama hiyo kila nusu saa, usiku kucha, na asubuhi hakuna mtu aliyepata kuoga.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye paa, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Lala chali katika chumba cha mabati usiku usio na mawingu, kwa mfano usiku mmoja wa Januari au baada ya mvua ya jioni kukatika. Bati liko wazi kwa anga. Linapoteza joto kwenda juu kwa kasi kiasi kwamba huwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Chini yake wamelala watu wanne. Kila mmoja, akiwa usingizini, anatoa joto la karibu wati 70 au 80, sawa na balbu moja ya zamani. Watu wanne ni wati 300. Kila mmoja pia anatoa mvuke kwa pumzi na kwa ngozi, na kwa usiku mzima pumzi za watu wanne zinakaribia lita moja ya maji. Mvuke huo unapanda, unagusa bati la baridi, unageuka matone. Saa kumi alfajiri matone yanakuwa mazito, yanateleza kufuata mabonde ya bati mpaka kwenye msumari, na hapo yanadondoka. Tone moja kwenye shuka, tone moja usoni mwa mtoto. Nimewasikia watu wakimwita fundi aje kuziba paa linalovuja, fundi akapanda, akapiga lami, akalipwa, na usiku uliofuata tone likadondoka pale pale. Paa halikuwa limevuja. Ile ilikuwa pumzi yao wenyewe ikiwarudia.

Sasa weka dari. Sisemi dari ya mbao wala ya jasi. Nasema magunia ya sukari yaliyopasuliwa na kushonwa pamoja, yakatandazwa juu ya waya uliokazwa kutoka ukuta hadi ukuta, upana wa kiganja chini ya bati. Au katoni zilizobanwa kwa vijiti. Au, bora kuliko vyote, mikeka ya mafunjo, ile inayosukwa na watu wa maeneo ya kinamasi kuelekea ziwani na kuuzwa sokoni ikiwa imeviringishwa kama magogo. Kinachofanya kazi si gunia wala mkeka: ni hewa iliyotulia kati ya mkeka na bati. Bati tupu la mita 9 za mraba, likiwa na tofauti ya nyuzi 8 kati ya ndani na nje, linapoteza wati kama 500. Likiwekewa dari ya namna hiyo linapoteza kama 200. Rudini kwenye hesabu yetu: watu wanne wanatoa 300. Bila dari miili yao haitoshi hata kwa paa peke yake. Wakiwa na dari wanalifidia paa na kubakiza kidogo kwa ajili ya kuta. Bila kuwasha kitu, chumba kinapanda nyuzi mbili au tatu, na matone yanakoma kuwaangukia.

Bibi zetu walilijua hili bila kipimajoto. Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, zile za zamani kule Bungoma, ni baridi mchana na vuguvugu usiku. Nyasi ni dari na paa kwa pamoja, na ukuta uliokandikwa unaweka joto la jioni mpaka majogoo. Bati lilipoingia tulilipokea kwa furaha, na tulikuwa na haki: halishiki moto ovyo, halina chawa, linavuna maji ya mvua. Lakini tulilileta peke yake, bila dari, tukaacha nje kile nyasi zilichokuwa zikitufanyia bure.

Tahadhari mbili. Dari ya gunia au mkeka isipite juu ya jiko. Acha kona ya kupikia wazi, au pika nje. Na usizibe kila tundu. Upepo unaopita kati ya ukuta na paa upunguzwe tu, usiishe kabisa, kwa sababu ninazokuja kuzieleza sasa hivi. Kwa hema mambo ni yale yale ila yanaanzia chini: turubai la sakafuni lililotandikwa moja kwa moja juu ya udongo linanyonya joto la mwili kupitia godoro. Tandika majani makavu ya mahindi chini yake, kimo cha kiganja, na uyabadilishe yakishika unyevu.

Naona kijana wetu amerudi. Saa tano kamili, maji ya karai yana nyuzi 31. Asante, ndugu yangu. Funika vizuri, na uligeuze sanduku kidogo lifuate jua.

Sasa moto, na nitaanza na ule unaoua.

Nilipokuwa kijana nikifanya kibarua katika mji huu, nililala na wenzangu wawili katika chumba kimoja cha mabati. Usiku mmoja wa Julai tulipika ugali kwenye jiko la makaa nje, na makaa yalipobaki mekundu bila moshi tukaliingiza ndani, tukafunga mlango na kuziba chini yake kwa gunia. Tuliona tumefanya jambo la akili, kwa maana moshi ulikuwa umekwisha. Niliamka kichwa kikigonga kama mtwangio. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nikajua kwa mbali mlango uko wapi, lakini kuufikia kulikuwa kama safari ya kwenda Lodwar. Jirani aliyekuwa akienda msalani alisikia kitu kikianguka, akasukuma mlango. Mmoja wetu alichukua siku tatu hadi akajua tena siku ya juma. Tulikuwa tumebakiza nusu saa, pengine chini ya hapo.

Makaa yanayowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inaendelea kuzunguka bila kubeba kitu cha kufaa. Moshi wa kuni, kwa ubaya wake wote, unakuamsha na kukutoa nje. Makaa yanakubembeleza. Kila msimu wa baridi katika nchi hii tunasoma habari za jamaa waliokutwa asubuhi, mlango umefungwa kwa ndani na jiko liko katikati ya chumba. Siwezi kulisema hili kwa sauti ya chini. Jiko la makaa lisiingie mahali watu wanapolala. Lisiingie dakika tano, lisiingie kwa sababu ya mgonjwa, lisiingie hata kama dirisha liko wazi nusu. Mwenye kuhitaji joto kitandani apeleke maji moto: chupa ya plastiki ngumu iliyojazwa maji ya nyuzi 60, ikafungwa barabara, ikavishwa soksi mbili, ikawekwa miguuni. Inakaa na uvuguvugu wake mpaka usiku wa manane, na haimuui mtu.

Nje, makaa yana nafasi yake, ingawa ni nafasi ya gharama. Ili kupata kilo moja ya makaa katika tanuri la udongo, kilo 6 hadi 10 za kuni zimekwenda. Jiko la kauri lile lenye kiuno, ambalo mafundi wetu walilitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakichukua wazo kutoka Thailand, linapunguza makaa kwa kiasi kikubwa likilinganishwa na lile la bati tupu, na ninyi nyote mnalo. Angalieni tu ule udongo wa ndani: ukipasuka ubadilisheni, maana jiko lenye ufa linarudi kuwa bati tupu. Mafuta taa nayapita haraka. Tangu ile tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa mwaka 2018 ili kuzuia mafuta kuchanganywa, yameacha kuwa moto wa maskini, na mvuke wake si wa kupumua.

Kwa hita ya kutumbukiza, niseme tu: zima swichi ya ukutani na uchomoe plagi kabla kidole hakijagusa maji, kila siku, hata siku ambayo umechelewa kazini. Tumia ndoo ya plastiki iliyokaa mahali mtoto hafiki. Na usiiwashe kwenye waya wa ploti uliokwisha kuungwaungwa kupita milango sita.

Nikae kwenye magunzi. Hii ni Trans Nzoia. Mbegu chotara ya H611 ilitoka katika kituo cha utafiti hapa Kitale mwaka 1964, na tangu hapo mahindi yamekuwa chakula chetu, karo yetu na siasa yetu. Kila gunia la kilo 90 likipukuchuliwa huacha kilo 18 hivi za magunzi. Gunzi kavu lina nguvu ya moto sawa na kuni kwa kilo. Pigeni hesabu nami: kilo 18, kila beseni gramu 300 katika jiko zuri. Hayo ni mabeseni 60. Gunia moja la mahindi linakwenda kwa mnunuzi na kuacha nyuma mabeseni 60 ya maji moto. Mwenye magunia 20 ana mabeseni 1,200 yamelala uani. Kisha Desemba, baada ya mashine ya kupukuchua kuondoka, tunayawasha yote kwa mkupuo mmoja ili kusafisha ua, na kaunti nzima inanuka moshi wake. Juni, baridi inapokuja, tunakwenda kununua makaa.

Shida za magunzi ni mbili na zote zinatatulika. Yanawaka kwa kasi na kuzimika kwa kasi, kwa hiyo yanafaa maji kuliko maharagwe. Na yakinyeshewa yanaoza. Wekeni kwenye magunia yaliyoinuliwa juu ya mawe, chini ya upenu wa paa, upande usiopigwa na mvua. Mama mmoja ninayemfahamu huko Kimilili ameyapanga kama tofali nje ya ukuta wa jikoni, kimo cha mtu, bati limefunika juu. Kila alfajiri anavuta kumi na mbili kutoka chini. Jiko lake la kuni ni la udongo, la aina ya Maendeleo, lililopewa jina hilo kwa kuwa shirika la Maendeleo ya Wanawake lililieneza tangu miaka ya 1980. Mlango wake ni mdogo, makusudi. Mlango mdogo unamkataza mtu kusukuma kuni tano pale ambapo mbili zinatosha.

Wa Bungoma mna makapi ya miwa pia, na karakana za mbao zina unga wa msumeno. Unga huo ukishindiliwa ndani ya debe kuzunguka chupa, kisha chupa ikachomolewa ili kubaki tundu katikati, na tundu jingine likatobolewa chini ubavuni, unapata jiko linalowaka polepole saa nne au tano bila kuguswa. Liwe nje, tafadhali. Lina moshi na lina ile hewa niliyokwisha kuitaja.

Lakini hata mwenye moto mzuri huamka saa kumi kuuwasha, na wanaoamka ni akina mama. Usingizi huo nao ni gharama, ingawa hakuna anayeuandika. Kwa hiyo nasema: chemsheni jioni. Ugali ukishaivishwa, makaa au magunzi yaliyobaki yana joto la kutosha kuendelea. Weka sufuria ya lita 10 yenye kifuniko kinachobana. Hapa Kitale maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na hatuhitaji kufika huko. Nyuzi 85 zinatosha. Kisha tia sufuria ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa maranda au matambara, chini, pembeni na juu, kimo cha kiganja kila upande, funika kwa mto uliojazwa vilevile. Alfajiri maji hayo yatakuwa karibu nyuzi 70. Tia maji baridi kwenye beseni kwanza, ndipo ya moto, kamwe si kinyume chake, maana watoto wengi wameungua katika ile dakika ya kinyume chake. Lita 10 za nyuzi 70 na lita 12 za baridi zinatoa mabeseni mawili ya kuogea. Saa kumi na moja, mama anafunua kikapu. Hajawasha kiberiti.

Serikali nayo ilikwisha kufikiri habari ya maji moto. Mwaka 2012 zilitoka kanuni za kutumia jua kupasha maji, na zililenga majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku. Hoteli, hospitali, nyumba kubwa. Lilikuwa wazo jema. Ila angalieni mahali mstari ulipochorwa. Chumba cha Matisi chenye watu wanne kinatumia mabeseni manne, lita 40, tena za uvuguvugu tu. Kilikuwa chini ya mstari. Ploti ya vyumba kumi na viwili, ikihesabiwa pamoja, inatumia karibu lita 480. Ilikuwa juu ya mstari mara nne na zaidi, lakini haikuhesabiwa pamoja, kwa kuwa kila mlango ni wa peke yake na hakuna bomba linalouunganisha na mwenzake. Jua linalopiga paa la ploti hiyo halijui milango. Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya kaya za nchi hii, asilimia 55, zinapika kwa kuni, na gesi ni chini ya robo. Gesi yenyewe ilitozwa ushuru wa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ukashuka hadi 8 mwaka uliofuata, ukaondolewa 2023. Mpangaji hawezi kupanga maisha juu ya bei inayoyumba hivyo. Anaweza kuyapanga juu ya dari.

Kwa hiyo ninayo maombi kwa watu mahususi. Wenye ploti: mkeka wa mafunjo kwa chumba kimoja ni sehemu ndogo ya kodi ya mwezi, na bati lisilotiririka matone halishiki kutu mapema. Ni mali yenu mnailinda. Kaunti zetu mbili, siku ambayo kwa bahati mbaya tutalazimika tena kugawa mahema au mabati kwa waliokimbia, basi kila hema litoke na mkeka wa juu na majani ya chini, yakiwa kwenye orodha ile ile ya turubai na kamba, yasiachwe kuwa wema wa atakayekumbuka. Vyuo vya ufundi: vijana wenu wanajua kuchomelea milango. Wafundisheni sanduku lile lililoko nje.

Nalo nilieleze basi, maana saa imekwenda. Ni mbao chakavu, sentimita 60 kila upande. Chini na pembeni kuna maranda. Karai limepakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Kioo kilitoka kwenye dirisha lililovunjwa. Jua la eneo letu kwa siku ya kawaida linaangusha juu ya mita moja ya mraba nguvu ya kiasi cha yuniti 5, na mdomo wa karai ni kama robo ya mita hiyo. Kosa ambalo watu hufanya ni kuacha sanduku nje mpaka jioni. Hapa kwetu, kuanzia Machi hadi Novemba, asubuhi ni ya jua na mchana ni wa mvua. Ikifika saa nane wingu la Elgon limekwisha kutushukia, na kioo kinaanza kurudisha hewani kile kilichokusanywa. Maji yatolewe saa saba, yakiwa bado juu, yaingie kwenye sufuria, sufuria iingie kwenye kikapu. Jioni yanaogesha mtoto bila kuongezwa moto, au yanakwenda jikoni yakiwa yamebakiza nusu ya safari.

Kijana anatupungia mkono mlangoni. Saa saba kasorobo, nyuzi 45. Na nyuma yake naona mlima umeanza kujifunika. Maswali nitayapokea huko huko nje. Kikapu kiko chini ya meza hii, atakayekuwa karibu anisaidie kukibeba. Twendeni tukayafunge maji kabla mvua haijafika.